Kopo la Kifuniko cha Manjano

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilipewa siri, na niliitunza vizuri sana. Watu wa kwetu hunisifu kwa uaminifu hadi leo. Mchungaji aliwahi kunitaja mbele ya kanisa zima kama mtu ambaye neno likiingia kwake halitoki. Nilikaa pale kwenye benchi nimeinamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Siri yenyewe ilikuwa ndani ya makopo. Mwanzoni mwa miaka ya sabini walikuja Nyamira wageni wenye gari la turubai, mizani na magunia. Walitaka kujua kama unga wa nyongeza, yaani maziwa makavu yaliyochanganywa na soya, vitamini na madini, ungeweza kuwaondolea watoto wetu unyafuzi. Jina hilo la Kiswahili sikuwa nimelisikia mpaka siku hiyo, lakini ugonjwa wenyewe nani asiyeujua? Ulikuwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake yuko njiani. Miguu inavimba, nywele zinageuka nyekundu na kuwa nyepesi, ngozi inabambuka, na mtoto anakaa pale pale ulipomweka, hataki kucheza wala kucheka.

Na wala si kwamba vilima vyetu vilikosa chakula. Mayai yalikuwapo, maziwa yalikuwapo, maharagwe yalikuwapo. Ila vyote viliteremka kwenda sokoni Daraja Mbili kuuzwa, vikarudi vikiwa sukari na mafuta ya taa. Nimeona kwa macho yangu kuku akitaga miaka mitano katika boma moja na mtoto wa boma hilo asijue ladha ya yai. Mgeni akija ndipo yai linachemshwa, mtoto anaachiwa kuokota maganda.

Mimi nilikuwa nimemaliza shule, nina Kiingereza cha kutosha kumtafsiria mgeni asipotee. Mkubwa wa utafiti alikuwa mama mmoja wa Kizungu, mpole, mwenye viatu vya mpira, aliyejifunza Kiswahili kwenye kitabu akakisema kwa usahihi uliotutia aibu sisi wenye nchi. Aliniajiri nipime, niandike na nitafsiri. Aliniahidi kwamba kazi ikiisha salama angeniandikia barua ya kuniingiza chuo nikasomee mambo ya lishe. Nilitembea nyumbani siku hiyo kama mtu aliyevikwa taji. Wasichana wa rika langu walikuwa wanachuma maua ya pareto, mimi nina koti jeupe na kalamu mbili mfukoni.

Stoo yetu ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba moja ya mabati karibu na Sironga. Humo mlikuwa na magunia ya aina mbili na makopo yenye vifuniko vya rangi mbili. Kopo la kifuniko cha buluu nililijaza unga wa nyongeza. Kopo la kifuniko cha manjano nililijaza unga wa mahindi uliokaangwa, ukatiwa sukari na chumvi kidogo ili ufanane na ule mwingine. Hakuna mtu mwingine aliyeyajaza. Ni mkono huu huu ninaoandikia sasa.

"Akina mama wasijue," aliniambia yule mama mtafiti. "Wakijua, watagawana, na sisi hatutajua kitu. Nusu ya watoto wapate buluu, nusu wapate manjano, mwaka ukiisha tunalinganisha." Nilielewa, na tena nilijiona msomi kwa kuelewa upesi hivyo. Nilikuwa na kiburi cha mtu aliyeonyeshwa mlango wa nyuma.

Sasa kaka yangu alikuwa Kericho kwenye mashamba ya chai. Mkewe alibaki nyumbani na watoto watatu na mimba ya wa nne. Yule wa tatu alikuwa msichana wa miaka miwili na kitu, na alipewa jina la marehemu mama yangu. Kwetu mtoto hubeba jina la aliyekufa, na ukishampa jina umempa na cheo chake. Basi mimi, mtu mzima mwenye fomu kwapani, nilikuwa nikimwita "Mama," na yeye, ambaye hata kufuta kamasi alikuwa hajui, alikuwa anaitika. Kila nilipofika nilimtania, "Mama, leo umenipikia nini?" Alininyooshea kiganja kitupu, nami nikajifanya nakula, mpaka akacheka. Mama yangu alikufa nikiwa darasa la tatu. Nilikuwa nimekaa miaka mingi bila mtu wa kumwita hivyo.

Siku ya kugawa makopo akina mama walipanga mstari, kila mmoja akatia mkono ndani ya beseni na kutoa karatasi iliyokunjwa. Wifi yangu alitoa ya manjano. Alifurahi, maskini. Alisema ni rangi ya siagi, dalili ya kunenepa. Nilimkabidhi kopo lake kwa mikono miwili, nikamwambia asante kwa kuja.

Maelezo niliyatoa mimi, kwa Kigusii, na sikupunguza hata neno. Vijiko vitatu asubuhi, vitatu jioni, katika maji yaliyochemka. Apewe mtoto huyu peke yake. Na aendelee na chakula chake kama kawaida, kwa sababu unga huu si badala ya chakula. Akina mama waliitikia kwa vichwa. Yule mama wa Kizungu aliandika kwenye daftari lake kwamba wameelewa.

Walielewa kwa namna yao. Kwetu kitu kinachopimwa kwa kijiko, kwa saa yake, kutoka mkononi mwa mtu mwenye koti jeupe, hakiwezi kuwa chakula hata ukikiapia. Ni dawa. Na hakuna dawa iliyowahi kunywewa vilimani kwetu bila miiko. Mzee wa mizizi angekupa dawa asikukataze chochote, ungemrudishia, maana dawa isiyokataza kitu ni maji tu. Juu ya hayo sisi tulikuwa Wasabato, watu tuliolelewa na orodha ndefu ya visivyoliwa, kuanzia nguruwe mpaka samaki asiye na magamba. Kukatazwa chakula hakukutushangaza. Kilichowashangaza akina mama ni kwamba wageni hawakukataza kitu. Wakaona labda wamesahau, au wanaona haya kuwapangia watu wazima. Basi wakajikataza wenyewe.

Kwetu aliyeweka miiko alikuwa nyanya, mama yake baba. Niliigundua mwezi wa pili, nilipokwenda kwa wifi na fomu ya kuuliza mtoto amekula nini.

"Wifi, jana huyu alikula nini?" niliuliza.

"Dawa yenu, na uji wa wimbi."

"Maharagwe je?"

"Maharagwe!" Alicheka hadi akashika kiuno. "Wifi, wewe ndiye wa kuniuliza hayo? Nyanya ameshatuonya. Yai hakuna, maziwa hakuna, maharagwe hakuna, hata ndizi mbivu. Vitapigana na dawa. Mimi siwezi kuwaharibia dawa yenu, nikuaibishe wewe mbele ya wageni wako."

Alisema hivyo akiniangalia kwa upendo. Watoto wengine wawili walikuwa kando wanakula ugali na maharagwe kwenye sahani moja, na Mama amekaa kwenye gunia, anawatazama. Kwenye kikombe chake mlikuwa na uji. Nilimwambia wifi kwamba unga huu hauna miiko, ampe kila kitu. Akaniitikia kwa adabu, jinsi mke anavyomwitikia dada wa mumewe, na nikajua hatampa. Nyanya alikuwa amesema, na mimi kwa nyanya nilikuwa mtoto aliyesoma kidogo akapotea kidogo.

Nyumba nilizopita baada ya hapo zilinijibu hivyo hivyo, za buluu na za manjano. Nilikwenda kwa yule mama mtafiti nikamweleza yote. Alisikiliza vizuri. Alikuwa msikilizaji mzuri kweli.

"Kama pande zote mbili zinafanya hivyo, basi ni sawa kwa pande zote," alisema. "Wewe andika tu wanachokula."

"Nisiwafundishe?"

"Sasa hapana. Tukiwafundisha sasa, hatutajua kilichoponya ni unga au ni mafundisho. Mwisho wa mwaka tutawafundisha wote."

"Na yule mtoto wa kaka yangu?"

Alivua miwani yake. "Uzito wake unasemaje?"

Uzito ulikuwa umepanda. Hapo ndipo naomba msomaji anisikilize, kwa sababu hapa ndipo mizani ilipotudanganya sote. Tulikuwa tunawaning'iniza watoto kwenye mizani ndani ya suruali ya turubai, na Mama aliponing'inizwa mwezi wa tatu sindano ilisogea mbele. Mwezi wa nne ikasogea tena. Wifi alipiga vigelegele, wenzake wakampongeza. Mashavu yalikuwa yamejaa. Lakini mimi nilikuwa nimefundishwa kubonyeza mguu kwa kidole gumba na kuhesabu. Nilibonyeza mguu wa Mama, nikahesabu, nikaondoa kidole. Shimo likabaki pale. Yalikuwa maji, na maji yana uzito.

Niliandika uvimbe kwenye fomu, mahali pake. Fomu ikalala mezani, kwa sababu mama mtafiti alikuwa amekwenda Nairobi kwa wiki tatu. Nikarudi kwa wifi, nikamwambia ampeleke mtoto hospitali Kisii.

"Kwa nini?" aliuliza. "Si anaongezeka? Mizani si yenu?"

Kumjibu ningelazimika kumweleza kuhusu uvimbe. Kueleza uvimbe ningelazimika kueleza kwa nini dawa haifanyi kazi. Na kueleza hilo ningelazimika kusema kilichomo ndani ya kopo lake. Nilifungua mdomo. Niliona chuo, niliona barua ya yule mama, nikaona nikiwa nimerudishwa kuchuma pareto na wasichana wananicheka. Nikamwambia, "Basi, tuangalie kwanza wiki hii."

Jioni hiyo nilikwenda stoo peke yangu. Nilichukua kopo la buluu lililojaa, nikang'oa kifuniko chake, nikalifunika kifuniko cha manjano. Nikalikumbatia kopo hilo kama dakika kumi. Lilikuwa jepesi, ningeweza kulitia kwenye kikapu na nisiulizwe na mtu. Kisha nikasikia nyayo za mlinzi nje, nikarudisha vifuniko mahali pake. Mlinzi alikuwa anapita tu kwenda kukojoa. Nimewachukia watu wengi maishani mwangu, lakini hakuna niliyemchukia kama yule msichana mwenye kalamu mbili mfukoni anayerudisha vifuniko.

Wiki iliyofuata Mama alishikwa na homa na kuhara. Siku ya pili wifi alimbeba mgongoni kwa miguu mpaka barabarani, na mimba yake kubwa, wakapata lori la ndizi likawafikisha hospitali. Siku ya tatu walirudi, na shuka aliyofunikwa nayo mtoto ilikuwa imevutwa mpaka juu ya kichwa. Tulimzika kando ya nyumba, mchana, bila kelele nyingi, jinsi watoto wadogo wanavyozikwa. Kaka alifika kutoka Kericho tumeshamaliza. Alisimama pale na mkoba wake, hata hakujua aulize nini. Mimi nilikuwa nimemzika mama yangu mara ya pili, na mara hii nilijua sababu.

Siku mbili baadaye mama mtafiti alirudi kutoka Nairobi. Alilia nilipomwambia, kwa kweli alilia, na nilimchukia kwa machozi yake. Kisha akafuta miwani, akaniambia nitoe fomu ya mtoto huyo kwenye faili. Chini kulikuwa na mstari wa sababu ya mtoto kutoka kwenye utafiti: amehama, amekataa, mengineyo. Akaniambia nitie alama kwenye mengineyo. Nikatia.

Baada ya wiki wifi alikuja pale Sironga. Nilimwona kutoka mlangoni, amebeba kopo. Alikuwa amelisugua kwa majivu na mchanga likang'aa kuliko siku nilipompa. Alifikiri wageni wanahitaji makopo yao. Alilitua chini, akapiga magoti, mwanamke mwenye mimba ya miezi minane, akashika miguu yangu.

"Wifi, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Inuka."

"Ni mimi niliyeharibu. Siku moja alilia sana. Wenzake walikuwa wanakula, yeye analia, ananyoosha mkono. Nikaona nyanya hayupo. Nikampa yai." Alivuta pumzi. "Yai zima, wifi. Na ulipokuja na fomu nikakuficha."

Nyuma yangu, hatua tatu tu, magunia ya aina zote mbili yalikuwa wazi. Ningeweza kumshika mkono nikamtia ndani, nikamwonyesha. Ningeweza kumwambia kwamba yai lile ndilo chakula pekee cha maana ambacho mtoto yule alipata kwa miezi minne, na kwamba alipewa na mamaye, si na sisi. Mama mtafiti alikuwa mezani kwake, akauliza kwa sauti ya huruma mama huyu anasema nini. Sikumtafsiria.

"Nimekusamehe," nilimwambia wifi.

Ndiyo. Nilimsamehe kwa ajili ya yai.

Mwaka uliisha. Walipolinganisha makopo, buluu na manjano zilikuwa karibu sawa, na mama mtafiti alikaa siku nzima na mahesabu yake asiamini. Haikunishangaza mimi. Unga mzuri uliwakuta watoto walionyimwa kila kitu kingine kwa heshima yake. Mafundisho ya mwisho wa mwaka hayakufanyika. Gari lilihitajika kwingine. Barua yangu iliandikwa vizuri mno. Ilisema mimi ni mtu mwaminifu na mwenye kutunza siri za kazi.

Nikaenda chuo. Nikarudi miaka michache baadaye na cheti, nikawa nafundisha akina mama katika vituo vya afya, kutoka Nyamira hadi Ogembo. Nilikuwa mwalimu mkali. Nilikuwa na somo langu nililolipenda kuliko yote: nilisimama mbele, nikainua yai juu, nikawaambia kwamba hakuna dawa inayopigana na hiki. Mtoto akiwa kwenye dawa, mpe. Akivimba miguu, mpe haraka zaidi. Nikawaambia wasingoje mgeni. Walicheka, wakaitikia, na wengine walikwenda wakafanya. Najua wapo watoto waliopona kwa somo hilo, na nalisema bila kujivuna, kwa sababu najua lilitoka wapi.

Siku moja, karibu na mwisho wa miaka hiyo ya sabini, niliinua yai langu katika kituo cha kwetu. Katikati ya benchi la tatu alikuwa wifi, na mtoto wake wa mwisho mapajani. Sikuwa nimemwona alipoingia. Nilikuwa nimeshasema nusu ya maneno, na akina mama wananitazama. Nikamalizia. Nilisema yote, kuhusu uvimbe, kuhusu mizani inayodanganya, kuhusu watu wanaojiwekea miiko ambayo hakuna aliyewaambia. Sikuweza kutazama lile benchi.

Walipotoka wote, yeye alibaki.

"Kwa hiyo lile yai halikuwa na ubaya," alisema.

"Halikuwa na ubaya."

"Na wewe siku ile ulijua."

Nilitafuta uongo, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuupata. "Nilijua," nilisema. Kisha nikamwambia na yaliyobaki, kuhusu kifuniko cha manjano na unga wa mahindi. Ilichukua muda mfupi sana. Siri niliyoibeba miaka yote ile iliisha kusemwa kabla mtoto wake hajamaliza kunyonya.

Hakupiga kelele. Alimfunga mtoto mgongoni, akakaza kitambaa kichwani, akaniangalia jinsi mtu anavyomwangalia mgeni anayeuliza njia.

Tunaishi boma moja hadi leo. Nikiugua ananiletea uji, nami nikivuna mahindi nampelekea. Watoto wake wananiita shangazi. Lakini yeye, tangu siku ile, hajaniita wifi tena. Ananiita mwalimu.